Mazimwi wa Njia ya Reli

Usiku wa tarehe 9 Desemba 1898, karibu na mto Tsavo, bundi alimgonga kisogoni mhandisi John Henry Patterson. Alikuwa ameketi peke yake juu ya dungu la miti, bunduki mkononi, na chini yake mzoga wa punda. Simba aliyetegewa mzoga huo aliupuuza, akaanza kulizunguka dungu. Patterson alimsikia gizani kwa muda mrefu bila kumwona, na bundi alipomparamia, nusura adondoke kwa hofu. Hatimaye alifyatua risasi na simba akafa. Aliyaandika haya mwenyewe katika kitabu chake cha 1907, akampita bundi kwa mistari michache. Mtu wa pwani angeanza kwa kuuliza habari za huyo bundi.

Nilipoamua kuifuata tena njia ya reli ya zamani, kutoka Mombasa hadi nchi ya Wanandi, nilikwenda kufuata nyayo za viumbe. Kati ya 1896, kazi ilipoanza Mombasa, na Desemba 1901, mataruma yalipofika ziwani Kisumu, karibu kila nyika iliyopitiwa ilipata mnyama wake wa kutisha. Waliosimulia habari za wanyama hao walikuwa watu mbalimbali: vibarua, wapagazi, walowezi, na wenyeji waliotazama kwa mbali.

Pwani tunaye wetu, naye ni nunda. Edward Steere alichapisha hadithi yake London mwaka 1870, katika mkusanyo wa ngano alizosimuliwa Unguja. Nunda alianza akiwa paka wa sultani. Alikula ndama, na watu waliposhtaki, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala watoto wa watu, na jibu likabaki lilelile. Siku alipowaua wana wa sultani mwenyewe, ndipo mzee akakiri kwamba huyu si paka tena. Mwana mdogo akaingia mwituni kumsaka. Akawa anaua mnyama mmoja baada ya mwingine na kumletea mama yake, na mama anamwambia kila mara kuwa siye. Utotoni niliipenda kwa ajili ya huyo kijana. Sasa ninapoisoma macho yangu hubaki kwa baba yake, mtawala asiyehesabu hasara ya wengine mpaka iingie chumbani mwake.

Reli mpya iliyofunguliwa 2017 hupita Tsavo juu ya nguzo ndefu, na abiria huuona mto kwa dakika chache tu. Mimi nilikwenda kwa barabara ili nisimame pale chini. Maji ni masafi na yana kasi, na pande zote ni vichaka vya miiba vilivyosongamana hata huoni hatua kumi mbele. Ni maili 132 kutoka Mombasa. Kabla ya reli hapa palikuwa kituo cha misafara ya pembe na ya watumwa, kwa sababu ya maji hayo. Mpagazi aliyeugua au mtumwa aliyeishiwa nguvu aliachwa kando ya njia. Sotoka ilipofagia ng'ombe na nyati katika miaka ya 1890, simba walipungukiwa na mawindo yao ya kawaida. Watafiti waliochunguza jambo hili wanaamini kwamba simba wa bonde hili walikuwa wamekwisha kuzoea nyama ya binadamu iliyotupwa njiani. Mmoja wa simba wawili waliowaua wajenzi wa reli hapa mwaka 1898 alikuwa na jino kubwa lililovunjika na usaha kwenye taya, jeraha linalomfanya mnyama ashindwe kumwangusha nyati.

Walikuwa madume wawili wasio na manyoya ya shingoni, kama walivyo madume wengi wa Tsavo. Patterson alifika Machi 1898 kujenga daraja, na kwa miezi tisa walipenya maboma ya miiba, wakaingia mahemani, wakamchukua mtu katikati ya wenzake. Jemadari Ungan Singh alinyakuliwa akiwa amelala na wenzake hema moja. Vibarua walisema hawa si simba. Kwa maelezo aliyoyaandika Patterson, walikuwa mizimu ya machifu wawili waliokufa, waliovaa umbo la simba ili kuizuia reli isipite katika nchi yao. Siku ya kwanza ya Desemba mamia ya vibarua walijilaza relini, wakaisimamisha treni, wakarukia mabehewa na kurudi pwani. Kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Simba wa pili aliuawa tarehe 29 Desemba.

Siwezi kuwacheka vibarua hao. Walikuwa wametolewa India kwa mkataba, zaidi ya watu 31,000 kwa jumla, na karibu 2,500 kati yao wakafa katika kazi hiyo, wengi kwa maradhi. Walioletwa kufanya kazi katika nchi isiyo yao waliona kwamba nchi inakataa, na wakatafuta jina la kukataa huko. Ajabu ni kwamba waliwapa haki machifu wasiowajua. Katika maandishi mengi ya wakubwa wa reli, mwenye nchi haonekani kabisa. Katika hadithi ya vibarua yupo, na ana hasira.

Hesabu ya waliouawa ina hadithi yake. Kitabu cha 1907 kinataja Wahindi 28, kisha kinaongeza kwamba Waafrika walikuwa wengi ila hakuna aliyeweka rekodi yao. Katika kijitabu cha 1925, Patterson alipandisha jumla hadi watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali zilizomo katika mifupa na manyoya ya simba hao, wakakadiria watu 35 walioliwa. Wengi wameichukua tofauti hiyo kuwa ushahidi wa chumvi ya mwindaji, na chumvi ipo. Lakini hadithi ilipata nafasi ya kukua kwa sababu daftari liliachwa wazi upande mmoja. Kama makarani wangeandika majina ya Waafrika siku ile ile walipopotea, idadi isingeweza kupanda wala kushuka leo.

Linganisha na Kima, mbele zaidi kuelekea Nairobi. Tarehe 6 Juni 1900 ofisa wa polisi Charles Ryall alikuwa akimvizia simba mwingine kutoka ndani ya behewa, usingizi ukamchukua, simba akaingia na kumtoa kupitia dirishani. Aliuawa mtu mmoja. Kaburi lake lipo Nairobi, behewa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli, na tarehe inajulikana.

Kutoka Nairobi njia hushuka Bonde la Ufa, hupanda tena, na hewa hubadilika. Katika nchi ya Wanandi niliwakuta mazimwi wawili, na wa kwanza ni reli yenyewe. Wanandi husimulia kwamba orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Kimnyole, alitabiri, kabla hajauawa mwaka 1890, kwamba nyoka wa chuma atoaye moshi na moto atakuja kutoka maji ya mashariki kwenda kukata kiu katika maji ya magharibi. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza mapambano na huyo nyoka. Wapiganaji walikata waya za simu wakafanya mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakafua silaha. Walilifumua zimwi kipande kwa kipande wakalivaa. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kwenye mkutano uliotajwa kuwa wa amani, na ofisa wa jeshi la Waingereza, Richard Meinertzhagen, akamuua kwa risasi hapo hapo.

Zimwi wa pili ni mkongwe kuliko reli. A. C. Hollis alimwandika katika kitabu chake juu ya Wanandi cha 1909: chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na makalio tisa, anayetembea kwa kuegemea fimbo mfano wa mkuki. Kinywa chake ni chekundu, nacho hung'aa usiku kama taa. Huimba karibu na makazi ya watu, watoto wakiona mwanga na kusikia wimbo hudhani kuna ngoma, wakienda kucheza huliwa. Nimefikiri sana juu ya zimwi huyu. Hamfukuzi mtoto, humwalika.

Walowezi walipomsikia chemosit walimvua kila kitu chenye maana. Mguu mmoja, wimbo na ile taa vilitupwa, akabaki mnyama mkubwa mwenye manyoya, wakamwita dubu wa Nandi. Geoffrey Williams aliandika mwaka 1912 kwamba alimwona karibu na Sergoit, kwenye uwanda wa Uasin Gishu, miaka michache nyuma. Wahandisi wa reli ya Magadi nao wakaleta ripoti zao, na C. W. Hobley akazikusanya katika jarida la wanaasili wa Afrika Mashariki. Haikuwa upumbavu: okapi, ambaye watu wa misitu ya Kongo walimjua siku zote, alikuwa ameingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1901 tu. Basi kila mnyama wa ajabu aliyeonekana au kuuawa akapimwa. Fisi mkubwa? Nyegere mzee? Siye, siye, kama mama wa yule kijana katika hadithi ya nunda. Hawakumpata, kwa sababu yule waliyemtafuta walimtengeneza wao kutokana na mabaki ya hadithi ya watu wengine.

Simba wa Tsavo wapo Chicago. Ngozi zao zilikaa sakafuni kwa Patterson kama mazulia kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaiuzia Field Museum ngozi hizo kwa dola 5,000. Zilikuwa zimekatwakatwa, ndiyo maana simba walio nyuma ya kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza nywele zilizonasa ndani ya meno yao mabovu. Walikuta za twiga, choroa, kuro, nyumbu na pundamilia. Walikuta pia za binadamu. Kuhusu hizo za binadamu waliamua wasieleze zaidi kwanza, kwa kuwa huenda wazao wa mtu huyo bado wanaishi huku, nao ndio wanaostahili kuulizwa.