Mama Daktari na siri ya Ravensbrück

Mwaka 2027 shirika la afya la Amref litatimiza miaka 70, na jina la Anne Spoerry halitakosa kutajwa. Huyu ndiye daktari aliyejulikana kwa jina la Mama Daktari kuanzia Lamu hadi Marsabit. Lakini tangu John Heminway atoe kitabu chake, In Full Flight, mwaka 2018, kumsifu Mama Daktari kumekuwa kugumu.

Chanzo cha shirika kinafahamika. Katika miaka ya 1950 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walipanga wakiwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro jinsi ya kuwafikia kwa ndege wagonjwa waliokuwa mbali na hospitali. Baadaye zikaja redio za kuziunganisha hospitali za misheni na Nairobi.

Spoerry, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1918, alijifunza urubani akiwa na umri wa miaka 45, akajiunga na shirika hilo katikati ya miaka ya 1960. Alirusha ndege yake mwenyewe, akatua kwenye viwanja vya vumbi ambako kina mama walikuwa wakimngoja na watoto mgongoni. Dawa zilishushwa, foleni ikapangwa kwenye kivuli cha bawa, watoto wakachanjwa. Kisha akapaa kuelekea kijiji kingine. Aliendelea na kazi hiyo karibu hadi kifo chake mwaka 1999.

Aliyoyaficha ni ya mwaka 1944. Wanazi walimfunga katika kambi ya wanawake ya Ravensbrück kwa sababu ya harakati zake za kupinga uvamizi wa Ufaransa. Humo akawa karibu na mfungwa mwenye mamlaka, Carmen Mory, na baada ya vita wafungwa wenzake walimshutumu kwamba alishirikiana naye kuwatesa wagonjwa. Alipohamia Afrika Mashariki, hakutaka kuulizwa habari za kambi hiyo.

Wapo wanaosema mema yake yamefuta yote. Sikubaliani nao. Mtoto aliyechanjwa kijijini Kiunga hawezi kusamehe kwa niaba ya mwanamke aliyeteswa Ujerumani. Wala chanjo ile haikupungua nguvu kwa sababu ya aliyeitoa. Yote mawili yaandikwe, tena katika ukurasa mmoja.

Ninachohofia ni kwamba mabishano haya yataendelea kuturudisha kwa rubani peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Kibwezi, Amref ilikuwa ikiwafundisha wanavijiji wenyewe kuwa wahudumu wa afya. Hao hawakuandikiwa vitabu. Kote Kenya wenzao walitembea nyumba kwa nyumba miaka na miaka, wengi bila malipo, hadi mwaka 2023 serikali ilipowapa zaidi ya 100,000 kati yao mikoba ya vifaa na kuahidi posho ya kila mwezi.

Sherehe za 2027 ziwaite hao jukwaani kwa majina yao, na kabla ya siku hiyo walipwe posho yao kwa wakati.