Septimius Severus: mtoto wa jimbo la Afrika aliyekuwa kaisari wa Roma

Wengi wetu tunajua jina la Kaisari kupitia Biblia, na tunafikiri makaisari wote walikuwa wazaliwa wa Roma. Haikuwa vile. Septimius Severus, aliyetawala tangu mwaka 193 mpaka 211, alizaliwa Afrika. Alifikaje kwenye kiti kile? Sehemu kubwa ya jibu iko katika jamaa yake.

Alizaliwa wapi?

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa nne mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, kando ya bahari ya Mediterania, katika nchi tunayoita leo Libya. Magofu ya mji ule yangali yanaonekana, mashariki ya Tripoli. Wakati ule, Waroma waliposema "Afrika" hawakumaanisha bara zima, bali jimbo lao moja la kaskazini. Leptis ilianzishwa na Wafoinike, wafanyabiashara wenye asili ya pande za Lebanon. Watu wake waliishi kwa biashara na mashamba ya zeituni, na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kipuniki, iliyotokana na ile ya Wafoinike.

Baba, mama na babu

Baba yake, Publius Septimius Geta, alikuwa wa jamaa ya Kipuniki. Mama yake, Fulvia Pia, alitoka katika jamaa yenye asili ya Italia. Baba hakushika kazi kubwa ya serikali. Lakini babu alikuwa kati ya wakubwa wa Leptis wakati kaisari Trajan alipoupandisha cheo mji ule na wenyeji wake wakapata uraia wa Roma.

Kisha jamaa wawili wa upande wa baba wakatangulia kwenda Roma, wakaingia Seneti na kuwa makonsuli, mmoja mwaka 153 na mwingine 160. Mmoja wao ndiye alimuombea kijana Septimius fasi kwa kaisari Marcus Aurelius. Ni kusema, mlango ulifunguliwa na watu wa kwao.

Lugha ya nyumbani

Kitabu kimoja cha kale, ambacho wanahistoria hawakiamini kwa kila neno, kinasema Kilatini chake kilibaki na matamshi ya kwao hata uzeeni. Tena kinasema dada yake alimtembelea Roma, lakini Kilatini kilikuwa kinamshinda. Kaka mtu akaona haya mbele ya watu, akampa zawadi na kumrudisha nyumbani.

Kupata kiti, kutafuta ukoo

Mwisho wa mwaka 192 kaisari Commodus aliuawa. Pertinax aliyemfuata hakumaliza hata miezi mitatu, naye akauawa. Walinzi wa kaisari wakauza kiti kwa Didius Julianus, aliyeahidi pesa nyingi zaidi. Septimius alikuwa liwali wa jimbo la Pannonia, kwenye mto Danube. Tarehe 9 mwezi wa nne 193, maaskari wake wakamtangaza kaisari. Alipigana na wapinzani wake mpaka mwaka 197.

Silaha zilimpa kiti, lakini hazikumpa ukoo wa kifalme. Basi mwaka 195 akajitangaza kuwa mtoto wa Marcus Aurelius, aliyekufa tangu miaka 15! Mtu mmoja mwenye ulimi mkali akampongeza kwa kupata baba.

Hata vile hakutupa kwao. Alijenga Leptis upya: kiwanja kikubwa cha mikutano, barabara yenye nguzo, na bandari. Bibi yake, Julia Domna, naye alikuwa mtu wa majimbo: baba yake alikuwa kuhani huko Emesa, ambayo leo ni Homs nchini Syria.

Watoto wake

Septimius alikufa mwezi wa pili 211 katika mji wa York, Uingereza. Aliwaacha watoto wawili, Caracalla na Geta. Mwaka ule ule Caracalla akamuua mdogo wake. Lakini ni huyo Caracalla ambaye, mwaka 212, aliwapa uraia wa Roma karibu watu wote huru wa majimbo yote. Haki ambayo mji mmoja wa babu ulipata, kitukuu wake akaitoa kwa dola nzima.