Kanisa la Mtakatifu Fides, Conques

Kanisa la Mtakatifu Fides (kwa Kifaransa Sainte-Foy) ni kanisa la abasia katika kijiji cha Conques, wilaya ya Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Lilijengwa katika karne ya 11 hadi mwanzoni mwa karne ya 12 kwa mtindo wa Kiromaneski, wenye kuta nene na matao ya nusu duara, uliotangulia ule wa Kigothi. Fides alikuwa binti wa mji wa Agen aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Katika karne ya 9 mtawa wa Conques aliiba masalia yake na kuyaleta kijijini. Baadaye Conques ikawa kituo cha mahujaji waliotoka Le Puy kwenda Santiago de Compostela.

Jengo lilipangwa kwa kufuata nyayo za mahujaji. Waliingia kwa mlango wa magharibi, wakapita ujia wa pembeni, wakazunguka nyuma ya altare na kurudi kwa ujia wa pili, huku watawa wakisali katikati bila kubughudhiwa. Kwa kuwa kijiji kiko kwenye mteremko mkali wa mlima, kanisa halikuweza kurefuka, likapandishwa juu: dari la mawe, lenye umbo la pipa lililopasuliwa kati, liko kama mita 22 kutoka sakafuni. Msukumo wake wa pembeni hupokewa na roshani za pande zote mbili.

Utukufu wa Conques, hata hivyo, uko mlangoni. Juu yake imechongwa Hukumu ya Mwisho yenye sanamu 124, na rangi za kale hazijafutika zote. Roho zinapopimwa, shetani anabonyeza sahani ya mizani kwa kidole. Kando, Fides amepiga magoti, mkono wa Mungu umemnyookea, na nyuma yake zinaning'inia pingu. Wafungwa walioamini kwamba aliwafungua walimletea minyororo yao, na mapokeo husema ndiyo iliyofuliwa kuwa nondo za uzio unaozunguka altare.

Vioo vya sasa vya madirisha, visivyo na rangi, ni kazi ya mchoraji Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez iliyo jirani. Vilikamilika mwaka 1994. Mwaka 1998 kanisa liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na njia za hija za Ufaransa. Mgeni asikimbilie ndani: asubiri jua la alasiri, linalomulika mlango huo wa magharibi, akitafute kidole cha shetani.