Mlezi si kapita: kazi ya kuongoza watoto katika kambi ya shamba

Shule zikifungwa Julai, watoto wa Uvira, Kiliba, Sange na Nyakabere wanaingia vakansi kubwa ya karibu miezi miwili, katikati ya kiangazi. Wengi wanabaki nyumbani: wanachunga mbuzi, wanauza ndagala, ao wanafuata mama shambani. Wengine wanapelekwa kambini. Parokia, shule ao shirika linawakusanya kwa wiki moja ao mbili, wanalala pamoja, wanaimba, wanacheza, na mara nyingi wanalima. Mtu mzima anayekaa nao toka asubuhi mpaka usiku anaitwa ankadreri, moniteri, ao mlezi tu. Watoto wenyewe wanamuita yaya.

Kambi za vakansi hazikuanzia kwetu. Mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion wa Zürich, Uswisi, alipeleka watoto wa familia maskini za mji kwenye milima ya Appenzell wapate hewa safi na chakula. Mwaka 1907 Baden-Powell, yule aliyezikwa Nyeri, Kenya, alifanya kambi ya kwanza ya skauti katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na akagawa vijana katika vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake. Upande wetu wa Kivu, Xaveri ilianzishwa Bukavu mwaka 1952 na padri Georges Defour. Desturi ya kikundi kidogo chenye mkubwa mmoja, ambayo mlezi wa leo anaikuta tayari, ni ya siku nyingi.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Ulaya na Marekani, kambi ya shamba ni ya watoto wa mji ambao pengine hawajawahi kugusa ng'ombe. Wazazi wanalipa ili mtoto aende kung'oa majani. Hapa bondeni mtoto wa miaka kumi anajua jembe zamani. Mzazi anauliza, na ana haki ya kuuliza: huyu analima na mimi kila siku, huko kambini atajifunza nini? Na mtoto naye ana kumbukumbu zake. Shamba kwake linaweza kuwa adhabu ya kuchelewa shule, ao kulima kwa mwalimu. Wazazi na babu zake wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970, na wazee zaidi wanakumbuka pamba ya lazima ya wakati wa Wabelgiji, kapita akisimama nyuma ya watu.

Kwa hiyo jambo la kwanza mlezi anapaswa kuelewa ni kwamba yeye si kapita. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumtumikisha. Kambi inayochukua watoto arobaini, inawapa jembe asubuhi na jioni, kiisha inapeleka nyanya sokoni kwa faida ya mwenye shamba, hiyo ni kibarua bila mshahara, hata kama jioni wanapiga ngoma. Mlezi ndiye anaona mambo haya kwanza. Akinyamaza, hakuna mwingine wa kusema.

Dalili za kuangalia ni rahisi. Mtoto anaweza kusema amechoka na akaketi bila kufokewa? Anajua kwa nini wanafanya kazi ile? Mavuno yanaenda wapi? Na kazi inaisha saa ngapi? Katika joto la bonde la Ruzizi, saa moja na nusu asubuhi, toka saa moja mpaka saa mbili na nusu, inatosha. Jua likikaa juu ya kichwa, watoto wawe kivulini. Muda huo mfupi unatosha pia kujifunza, ikiwa mlezi amechagua vizuri.

Hapa ndipo ufundi wenyewe upo. Mihogo inakaa ardhini miezi tisa ao zaidi, kwa hiyo kambi ya wiki mbili haiwezi kuonyesha mtoto matokeo yake. Lengalenga inachipuka ndani ya siku chache na inaweza kuvunwa baada ya karibu mwezi. Maharage yanatoka ardhini ndani ya wiki. Mtoto aliyepanda Jumatatu anaamka Ijumaa kukimbilia tuta lake, na mlezi hana haja ya kumuita. Kiangazi kinataka kumwagilia, basi shamba liwe karibu na maji, na ndoo ziwe ndogo. Lundo la mbolea ya majani na mavi ya mbuzi nalo ni somo zuri: ukiingiza fimbo katikati na kuitoa baada ya siku kadhaa, inatoka na joto. Watoto wanabishana kama kuna moto ndani. Waacheni wabishane.

Kwa mihogo bado kuna la kufundisha: kuchagua miti isiyo na majani yaliyojikunja na kuwa na madoa ya manjano, ugonjwa ambao familia nyingi zinaujua kwa hasara. Na kukataza kabisa kutafuna muhogo mchungu mbichi, sababu una sumu.

Usalama ndio unachukua nguvu nyingi ya mlezi. Mto Ruzizi una mamba na viboko. Gustave, mamba aliyejulikana dunia nzima, aliishi katika mto huu na ufuko huu wa kaskazini wa Tanganyika. Hakuna kuoga mtoni bila mkubwa, na mahali penye hatari hakuna kuoga kabisa. Maji ya kunywa yachemshwe ao yatiwe dawa, maana Uvira ni kati ya sehemu ambapo kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Mtoto akianza kuharisha maji, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri asubuhi, na njiani anyweshwe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa sana, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Neti kwa kila kitanda. Na shambani, chuma chochote kisichojulikana kisiguswe, kisipigwe jembe: mtoto asimame, arudi kwa njia aliyojia, aite yaya. Bonde limepita vita nyingi, na mabaki yake bado yanaweza kuwa ardhini.

Vita vimebaki pia ndani ya watoto. Kuna anayelia usiku, kuna anayejificha mlango ukigongwa kwa nguvu. Mlezi asimlazimishe kusimulia. Akae karibu, ampe kazi ndogo ya kesho, na amwambie mkubwa wa kambi. Katika kikundi kimoja wanaweza kukutana Mfuliiru, Mvira, Mrundi, Mbembe na Mnyamulenge. Kuwagawa kwa kabila ni kosa ambalo kambi haiwezi kulirudisha. Sufuria moja ya bugali na sombe, zamu moja ya kuchota maji. Kama ng'ombe wa mtu ameingia kwenye matuta ya watoto, na hiyo hutokea, mlezi awaongoze wazungumze na mchungaji kabla maneno makubwa hayajaanza.

Sheria ya mwisho haijadiliwi. Mlezi hakai peke yake na mtoto mmoja mahali pa kujificha, wasichana wanalala na walezi wanawake, fimbo haitumiki, na mtoto anaonyeshwa, siku ya kwanza, mtu wa pili wa kumwambia ikiwa yaya wake ndiye tatizo. Mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto aulize mambo haya manne mbele ya mwenye kambi. Akiona jibu linazungushwa, arudi naye nyumbani.

Lililobaki ni mavuno. Lengalenga ambayo haijakomaa siku ya kufunga inaachiwa familia jirani ao shule, na watoto waambiwe ni nani. Wengine wanarudi na mbegu kidogo ndani ya karatasi, na vipande vya miti ya mihogo vya urefu wa kiganja na zaidi, wavipande wenyewe mvua za Septemba zikianza.