Athi: Mto Uliobeba Udongo wa Machakos

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia katika nyumba za watu mjini Athi River, mto huu ulizungumziwa kwa wiki chache, kisha ukasahaulika. Haustahili kusahauliwa. Historia ya Machakos imeandikwa na maji yake.

Shuleni watoto wetu hufunzwa jinsi mafuriko ya Nile yalivyowaletea Wamisri wa kale udongo mweusi, wakalima ngano na shayiri mwaka baada ya mwaka. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Vijito vya Ukambani hufurika mvua inaponyesha, halafu hukauka, na akina mama huchimba mchangani kutafuta maji ya kunywa na ya mifugo. Maji ya mvua yalipoteremka milimani yalikokota udongo mwekundu hadi Athi, ukapita Galana na Sabaki, ukaishia baharini karibu na Malindi. Misri ilipokea udongo wa wengine. Sisi tuliupoteza wetu.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona makorongo yaliyochimbwa na maji hayo ikatoa hukumu: ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno. Haikusema kwamba ardhi nzuri ya malisho ilikuwa imetengewa walowezi, na wenyeji kusukumwa kwenye hifadhi finyu. Mwaka 1938 mifugo ilianza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kando ya mto huohuo, kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama kilichohitaji ng'ombe.

Hapo ndipo aliposimama Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba. Mwishoni mwa Julai, wanaume, wanawake na watoto walifunga safari ya zaidi ya kilomita 60 hadi Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa, wakakataa kuondoka. Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma na uuzaji wa lazima ukakoma. Huu ulikuwa ushindi mkubwa, miaka 14 kabla ya hali ya hatari kutangazwa, na unastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya shule.

Udongo wenyewe uliokolewa na wakulima. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, huku mmomonyoko ukipungua. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vyenye wanawake wengi, vilichimba matuta ya fanya juu mlima baada ya mlima. Baadaye vikajengwa vizuizi vya mchanga kwenye vijito, vinavyohifadhi maji chini ya mchanga hadi kiangazi.

Leo adui ametoka upande wa juu wa mto. Maji taka ya Nairobi na ya viwanda huingia Athi kila siku, na wakulima wa chini huyatumia kumwagilia mboga zinazorudi kuuzwa jijini. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018, linategemea maji hayohayo. Serikali ya kaunti ya Nairobi na wasimamizi wa mazingira wazibe mabomba ya maji taka sasa, kabla watu wa Machakos, Makueni na Kitui hawajafunguliwa mifereji ya maji hayo.