Mzizi Uliotoka Kwenye Supu

Mwaka 2011 nilikuwa napeleka abiria Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Land Cruiser inatoka Arusha, inapita Mto wa Mbu, inakula vumbi la Engaruka, inaambaa na Ziwa Natron, halafu inapanda mlima. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Nauli ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

Safari moja tulilala kwenye foleni siku tatu. Kikombe cha plastiki kilipopitishwa dirishani, bibi wa Kimaasai aliyekaa nyuma yangu alikinusa kwanza.

"Baba, hii si olamuriaki?"

"Bibi, wanasema ni mugariga."

"Majina tu hayo. Hii tunaitia kwenye supu. Inashusha mafuta."

Mmea huo Kiswahili kinauita mtandamboo: kichaka cha miiba, maua meupe yanayonukia, matunda meusi. Morani wakienda orpul, kambi ya porini ya kula nyama, huchemsha mizizi yake pamoja na nyama ya ng'ombe waliyemchinja. Miaka ya 1960 Mmarekani George Mann aliwapima Wamaasai akakuta lehemu kidogo katika damu yao, licha ya nyama na maziwa yote yale. Mwaka 1999, miaka 12 kabla ya foleni yetu, yakachapishwa matokeo ya Timothy Johns na wenzake kuhusu mimea ambayo Wasonjo wa Ngorongoro, wenyeji wa Samunge, huitia kwenye chakula. Walipima kemikali za mimea ziitwazo saponini na fenoli.

Kuchemsha nako kuna sababu. Polisakaridi, ile minyororo mirefu ya sukari iliyomo kwenye mizizi, huyeyuka katika maji ya moto. Ukitia spiriti, hujitenga. Kwa hiyo sufuria hutoa kitu ambacho chupa ya spiriti huacha. Polisakaridi za mimea kadhaa zimeonekana maabara zikituliza chembe za oksijeni zinazoharibu seli. Lakini kichupa cha maabara si mwili wa mgonjwa.

Babu alifariki Julai 2021, na foleni ilikuwa imekwisha zamani. Mzizi ni uleule. Kilichobadilika ni kazi tuliyoupa. Bibi alilijua hilo palepale. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akanirudishia kikombe, akauliza:

"Sasa nyama iko wapi?"