Tahadhari Kabla ya Hatari: Nani Kazi Yake?

Baada ya kipindi chetu cha kazi na ajira, swali lililorudi sana ni hili: usimamizi wa maafa ni fani ya kusomea kweli, au ni kazi ya askari na wazima moto tu? Historia yetu wenyewe ina jibu, na inaanzia Unguja.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash hakuwa ametimiza hata miaka miwili kwenye kiti. Merikebu zake zikavunjika, mikarafuu ikang'oka shamba kwa shamba. Pemba ilisalimika, na ndiko karafuu iliposhamiri baadaye. Siku zile hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuonya. Watu walijua kimbunga kimekuja pale kilipoezua mapaa.

Miaka 135 baadaye, wajukuu wa watu wale wengi wao tuko Maskati, na Juni 2007 ikatukuta Gonu. Safari hii onyo lilikuwepo, na watu wa Masira walihamishwa mapema. Lakini mabonde yalishuka na maji, Qurum ikafurika, na mitambo ya Ghubra na Barka inayotoa chumvi kwenye maji ya bahari ikasimama. Mji mkuu ukahangaika kutafuta maji ya kunywa. Nchi nzima walifariki watu wapatao 50.

Hapo ndipo fani ilipoanza kukua. Mwaka 2015 kikafunguliwa kituo cha taifa cha tahadhari ya mapema, kinachofuatilia vimbunga na tsunami. Oktoba 2021, Shaheen ilipokaribia, serikali ilitangaza mapumziko ya siku mbili na makimbilio yakafunguliwa. Khabura ilipata milimita 369 za mvua, kiasi ambacho huku ni mvua ya miaka. Waliofariki hawakufika 20.

Basi kazi imekwisha? Bado. Aprili 2024 hapakuwa na kimbunga, ilikuwa mvua tu, na wadi ikachukua gari lenye wanafunzi huko Samad al-Shan.

Satelaiti siku hizi zinaona mvua vizuri. Pengo limebaki baina ya kompyuta na mtu aliyesimama ukingoni mwa wadi: nani anaamua kufunga skuli, saa ngapi, na nani anamwambia dereva kwa lugha anayoielewa? Hiyo ndiyo kazi ya miaka ijayo. Inataka mjuzi wa mikondo ya maji, muuguzi, mchora ramani, na pia mtu wa mawasiliano.

Na sisi tuna mtaji hapo. Bibi yako akipata ujumbe wa Difaa Madani kwa Kiarabu fasaha, anakusubiri wewe umwambie kwa Kiswahili: "Leo hatuvuki." Kipande hicho cha kazi unakifanya tayari. Kilichobaki ni kukisomea.